Walioitika Jina la Nesar

Khatunganj, Chittagong
3 Novemba 1996

Bubu, dada yangu mkubwa,

Asalaam aleikum. Kwa heshima miguu yako naigusa kwa mkono wa barua, maana mkono wenyewe uko mbali. Nasikia Hatiya mvua imekatika na mpunga umeanza kuinama. Alhamdulillahi.

Mimi ni mzima. Kazi ni ileile, tangawizi na vitunguu, vitunguu na tangawizi, hata usingizini napiga chafya. Ila kwa sasa nimepumzishwa kidogo kubeba. Nimepewa kazi ya kukaa. Nakaa. Wenzangu wananionea wivu.

Kwa hiyo usinitazamie kwenye mavuno mwaka huu. Mwambie shemeji atafute mtu mwingine wa kumcheka akishika mundu. Na wewe ukiamka usiku kuswali, nitie kwenye dua zako, hasa zile za viungo. Si kwamba kuna jambo. Mtu akishapita arobaini na tano viungo huanza kuzungumza, ndivyo wanavyosema.

Usihangaike kumtuma mtu aje kunitazama. Nisingependa kumpotezea mtu nauli ya kuvuka kwa lanchi kwa kumtazama mtu aliyekaa.

Mdogo wako,
Nesar

*

Hatiya
24 Novemba 1996

Nesar, mdogo wangu,

Aleikum salaam. Barua yako niliisoma mara mbili na kuiweka chini ya Msahafu. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kila neno, mpaka Jobed alipoteremka kwenye lanchi ya Jumanne.

Unamjua Jobed wa popoo, mdomo wake haufungiki hata akiwa na jani la tambuu ndani. Alikuja uani kwangu kabla hata ya kwenda kwake. Ananiambia, "Dada Ambia, nimemwona Nesar Chittagong. Anateremka kwenye riksho, na mwanamke yuko naye. Mwanamke wa heshima, ana miwani, ana mwavuli. Amemshika kiwiko, hivi."

Nikamuuliza, "Amemshika au amemgusa?"

Akasema, "Amemshika, dada. Na Nesar alikuwa anamtazama kama mtoto anavyomtazama mwalimu."

Nesar, kwa nini usiniambie? Ulidhani nitakasirika? Tangu Sufia alipoitwa na Mola wake, Mungu amnawirishie kaburi lake, nimekuwa nikiomba kila usiku upate mtu wa kukupikia wali usioungua. Kumbe Mungu alishasikia, na wewe unaniandikia habari za viungo. Sasa ndiyo naelewa hiyo "kazi ya kukaa". Bwana harusi mtarajiwa habebi magunia.

Niambie basi. Ni mjane? Anaswali? Samaki mkavu anaweza kumpika bila kumwacha na mchanga? Miwani si tatizo, inaonyesha amesoma, ila umri wake usiniambie kama ni mdogo mno, nitajisikia vibaya. Mfarishi wa harusi nimeshaanza kuushona. Nimekata sari zangu tatu za zamani, na pembeni naweka samaki wawili wanaoangaliana. Shemeji yako anasema nisubiri barua yako kwanza. Huyo naye kila kitu ni kusubiri.

Dada yako mwenye furaha,
Ambia

*

Khatunganj, Chittagong
8 Desemba 1996

Bubu,

Acha kushona. Yule ni wakili wangu.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua ukishika sindano hushikiki. Ana mume na watoto wakubwa. Kiwiko alinishika kwa sababu bila hivyo ningeanguka mbele ya watu. Sasa mwite shemeji akae karibu nawe, nikueleze niliyoyaficha.

Mwishoni mwa Oktoba tulikuwa tunapanga magunia ya tangawizi kwenye ghala la Hajji Ebadat. Mizigo ilikuwa imeingia kwa pamoja na nafasi haikuwepo. Tajiri mwenyewe akaja mlangoni, akasema, "Pandisheni juu, dari bado iko mbali."

Badsha Mia, mnyapara wetu, akamwambia, "Hajji Saheb, mbao za chini zimeoza."

Akajibu, "Zimeoza tangu wakati wa baba yangu na bado zinabeba."

Tukapandisha. Ukuta mzima wa magunia ukashuka, na mimi nilikuwa upande uliposhukia. Goti la kulia ndilo lililolaliwa.

Wenzangu walinikimbiza kwa mganga wa mifupa nyuma ya soko la samaki, akanifunga mianzi na kunipaka mafuta ambayo hata paka walinikimbia. Mfupa umeshika, Bubu, lakini umeshika kombo. Goti halikunjiki. Siwezi kubeba, siwezi kuchuchumaa, na linaloniuma kuliko yote, siwezi kusujudu. Naswali nimekaa kwenye kiti cha muuza chai, nyuma ya safu, kama mgeni aliyekaribishwa kutazama. Daktari wa hospitali kubwa amesema goti linaweza kufunguliwa na kunyooshwa, ila nisikae nalo sana, litakuwa jiwe. Upasuaji huo siuwezi mimi, wala wewe, hata tukiuza ng'ombe wako wote wawili. Kwa sheria anayetakiwa kuugharimia ni tajiri. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani mtu akiumia kazini ni kama kunyeshewa.

Aliyenijulisha ni huyo mama mwenye mwavuli, Wakili Monowara. Ana ofisi ya msaada wa sheria juu ya duka la miwani, na wachukuzi anawahudumia bure. Kila Ijumaa alikuwa anakuja kwenye kibanda chetu cha chai kutueleza haki zetu. Sisi tulidhani ni wa uzazi wa mpango. Badsha Mia akimwona tu anasema, "Mama, mimi ninao saba na nimeshaacha," sote tunacheka. Naye anakunywa chai yake, anaaga, anarudi Ijumaa nyingine. Nilipovunjika ndipo tukamwuliza kwa mara ya kwanza, "Hivi mama, wewe huwa unasema nini?"

Usinionee huruma sana, siko peke yangu. Kila alfajiri karani wetu, Bwana Nirmal, Nirmal Babu tunavyomwita, husimama mlangoni mwa ghala akaita majina ya kikosi. Asiyeitika kwa siku kadhaa hupoteza nafasi, na nje kuna watu wa Bhola wamejaa wanaisubiri. Lakini mtaa huu wote una desturi yake, mgonjwa huitikiwa. Akifika kwangu, "Nesar Ahmed," mmoja wao anakohoa kile kikohozi changu halafu anasema, "Nipo." Wanapokezana. Wananiambia aliye hodari ni Badsha Mia, kikohozi chake ni changu kuliko changu. Hajji hapotezi kitu, maana halipi kichwa, analipa mzigo. Kumi na mmoja wanabeba mzigo wa kumi na wawili, na jioni wananiletea fungu langu kama kawaida. Nikiwaza hilo nacheka, kisha nafuta macho.

Nisamehe kwa kuficha. Nilitaka kwanza niwe na habari njema ya kuifunikia ile mbaya.

Nesar wako

*

Hatiya
27 Desemba 1996

Nesar,

Nilimwita shemeji yako akae karibu kama ulivyosema. Aliyelia ni yeye. Mimi nilikasirika kwanza, nikalia baadaye jikoni, na nikaunguza dengu.

Sikiliza. Nilikubeba mgongoni kuvuka mto mama alipokuwa mgonjwa, ukaninyea, na sikumwambia mtu mpaka leo hii ninapokuandikia. Kama mimi nilikufichia hilo miaka yote, wewe ulikuwa na sababu gani ya kunificha goti? Siku nyingine ukivunjika niandikie siku hiyohiyo. Na usivunjike.

Sasa nina mawili moyoni, sijui kuyaweka kwa mpangilio.

La kwanza ni Hajji Ebadat. Nimeshindwa kulala. Umekula chumvi ya mtu huyo miaka kumi na minane. Kila Idi anakupa shuka ya kuvaa, na Sufia alipofariki alitoa sanda. Sasa unamshtaki mbele ya watu? Nilimwuliza imamu wetu baada ya darsa la wanawake. Akaniuliza, "Shuka alitoa kama sadaka au kama ujira?" Nikasema sadaka. Akasema, "Basi hiyo ni thawabu yake, Mungu anamwandikia. Ujira wa jasho na fidia ya mwili ni kitu kingine, havichanganywi kwenye sufuria moja." Nilirudi nimetulia kidogo. Shtaki, ila usimtukane.

La pili linanisumbua zaidi. Watu kumi na mmoja wanasema uongo kila alfajiri kwa ajili yako, pengine wametoka kuswali sasa hivi, na wewe unaniandikia unacheka. Najua ni mapenzi. Nimewaombea mmoja mmoja bila kuwajua majina, nikasema, "Ya Rabi, na yule mwenye watoto saba." Lakini nina hofu na kitu hicho. Siku kikigeuka kitawauma wote.

Jobed anakuletea samaki mkavu na bisi za mchele. Mfarishi sikuuacha. Wale samaki wawili nimewashonea ua kubwa juu yao, hawaonekani tena.

Ambia

*

Khatunganj, Chittagong
18 Januari 1997

Bubu,

Ramadhani karimu. Samaki walifika na wameliwa na kikosi kizima. Badsha Mia amesema kama goti langu lingevunjika mapema angekuwa ameshanenepa.

Kesi imeanza. Mara ya kwanza wakili wa Hajji, kijana mmoja wa nywele za mafuta, alisimama akasema, "Bwana hakimu, mtu huyu sisi hatumjui. Ghala halina wachukuzi. Wachukuzi ni wa Badsha Mia, yeye ndiye tajiri wao, mumshtaki yeye."

Ungemwona Badsha Mia. Aliingia kibandani jioni ile ametanua kifua, akaketi mguu juu ya mguu. "Nimetajirika leo," akasema, "na sikuwa na habari. Leteni chai, na alipe maskini yeyote aliyepo."

Nikamwambia, "Tajiri, goti langu je?"

Akanijibu, "Njoo ofisini kesho, uonane na karani wangu." Tulicheka mpaka adhana.

Siku ya tatu ya mfungo Hajji mwenyewe alikuja kunitazama, na tende na zabibu kwenye kikapu kizuri. Tulifuturu pamoja. Alikuwa mpole kweli, Bubu, sitasema uongo. Baada ya maji akatoa karatasi. "Nesar, huu ni mwezi wa kusameheana. Weka jina lako hapa kwamba umenisamehe mbele ya Mungu, tuyamalize."

Nusura niichukue kalamu, maana kusamehe nimefundishwa tangu utotoni. Nikamwambia, "Hajji Saheb, mimi nimeshakusamehe, moyo ni mweupe. Goti ndilo halijasamehe, nalo silisemei mimi." Akaikunja karatasi. Tende akaziacha, lazima nimpe haki yake.

Nilimsimulia Wakili Monowara nikitegemea atanipongeza. Akasema tu, "Kusamehe ni jambo jema. Mbona yeye anataka msamaha wako uwe na stempu?"

Sasa lile uliloliogopa limefika. Upande wa Hajji wamegeuza maneno. Wamesikia kwamba jina langu liliitikwa kila alfajiri, na safari ijayo wanamleta Nirmal Babu athibitishe. Watasema, kama alikuwa kazini kila siku, kaumia lini? Hilo goti kalipata kwingine.

Nikapanda ngazi za duka la miwani, nikamweleza wakili yote, na kikohozi pia. Aliweka kalamu chini. "Karani wa Hajji anaita jina lako?"

"Kila alfajiri, mama."

"Mlangoni mwa ghala la Hajji?"

"Hapohapo mlangoni."

Akaenda dirishani akanipa mgongo, mabega yanamtetemeka. Nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka. Hakuniambia kwa nini. Alisema, "Nesar bhai, ndugu yangu, utakula kiapo. Sema kweli, hayo mengine niachie."

Kweli nitaisema, Bubu, Msahafu sitaushika kwa uongo hata kwa magoti mawili. Lakini nikisema sikuwepo, hakimu ataniuliza nani aliitika. Nikiwataja, Hajji atawafukuza wote. Ni wao walionilisha. Nikinyamaza, kesi inakufa, na goti linageuka jiwe. Nimeswali istikhara siku tatu, Mungu anionyeshe njia, na kila siku naota vitunguu. Niambie la kufanya.

Nesar

*

Hatiya
4 Februari 1997

Nesar, mdogo wangu,

Barua yako ilifika jana, na Jobed anaondoka na lanchi ya leo, kwa hiyo naandika haraka, unga uko mikononi.

La mguu wako ni lako. Liseme lote, bila kupunguza. La midomo yao ni lao. Usilitoe wewe wala usiwazibie. Nenda kwao kabla ya siku yenyewe, usiwaombe kitu, waambie tu: mimi nitasema sikuwepo, mkiulizwa mnajua wenyewe. Usiwabembeleze na usilie mbele yao, maana wewe ukilia watu hawawezi kufikiri.

Huyo wakili mimi nampenda. Mtu anayecheka akiwa amekupa mgongo ana adabu.

Idi njema mapema. Nakuombea sijda, kila ninaposujudu mimi.

Ambia

*

Khatunganj, Chittagong
5 Machi 1997

Kwa Dada Ambia, Hatiya,

Asalaam aleikum. Mimi ni Badsha Mia, mnyapara, yule mwenye watoto saba. Nesar amesema hawezi kukuandikia habari hizi, kila akianza anacheka, kisha analia, karatasi inalowa. Mimi kuandika sijui. Anayeandika ni Nirmal Babu karani, yuleyule aliyeletwa kumshuhudia mdogo wako kwa ubaya. Usimchukie kabla hujafika mwisho wa barua. (Nashukuru. Karani.)

Baada ya Idi Nesar alitujia, akatuambia maneno yako. Alipomaliza akainuka na fimbo yake akaenda. Hiyo ilitukera kuliko angetubembeleza. Mtu akikubembeleza unaweza kumkatalia. Tulibishana sana. Mmoja akasema, "Mimi nina mama." Mwingine akamwambia, "Sisi wote tulizaliwa na miti?" Hatukufikia mwisho. Tukakubaliana tu kwamba tutakwenda, tukae nyuma.

Mahakamani yule kijana wa nywele za mafuta akamsimamisha Nirmal Babu. "Karani, uliita jina la Nesar Ahmed kila asubuhi tangu Oktoba?"

"Niliita."

"Likaitikwa?"

"Liliitikwa, bwana." (Nilikuwa nimeapa kwa Gita, kitabu chetu kitakatifu Wahindu. Sikuulizwa nani aliitika, na mimi si mtu wa kuongeza. Karani.)

Kijana akakaa kama aliyeshiba. Hakimu akamgeukia Nesar. "Ulikuwepo?"

Nesar akasimama na fimbo yake. "Hapana, bwana hakimu. Nilikuwa nimelazwa nyuma ya kibanda cha chai, mguu umefungwa mianzi."

"Basi nani aliitika?"

Nesar kimya. Midomo inasoma dua. Dada, mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya heshima kichwani, nimeyafanyia mazoezi mbele ya mke wangu, yanaanza na "Mheshimiwa sana". Nilikuwa bado naungojea ujasiri. Hakimu akapandisha sauti, "Nesar Ahmed!" Na mimi, kusikia jina hilo tu kwa sauti hiyo, mwili ukafanya kama ulivyozoea. Nikakohoa kikohozi chake, nikasema, "Nipo."

Hata askari wa mlangoni alicheka. Hakimu akavua miwani. "Nani huyo?"

Sasa nitajificha wapi? Nikasimama. "Ni mimi, Mheshimiwa. Mara nyingi nilikuwa mimi." Basi yule mwenye mama akasimama. "Siku za soko nilikuwa mimi." Mwingine, "Mimi, ila kikohozi sikukiweza, nilisema tu Nipo." Wakasimama benchi zima. Hakimu akatuuliza kama tunajua kwamba kudanganya si jambo jema. Nikamjibu, "Tunajua, Mheshimiwa, dada yake kule Hatiya ameshatuambia."

Hakimu akamwuliza Nirmal Babu kama alijua. (Nilimweleza kwamba Nesar huyohuyo alikuwa akiitika leo kushoto, kesho kulia, keshokutwa juu ya lori, na mimi si kiziwi. Nilikuwa najua tangu siku ya kwanza. Karani.)

Hapo ndipo Wakili Monowara aliposimama, taratibu, kama mtu anayekwenda kuepua chungu. "Karani, nani alikuagiza uwe unaita majina?"

"Hajji Saheb."

"Asiyeitika siku kadhaa, nani humtoa?"

"Hajji huniambia nimtoe, namtoa."

"Huwa unaita na majina ya watu wasio wa ghala lenu?"

"Mama, alfajiri nina baridi na nina kazi. Nitaita ya nini?"

Akamgeukia hakimu. "Hapa mbele yako, mwezi wa kwanza, walisema mtu huyu hawamjui. Leo wameleta shahidi kwamba wanamwita kwa jina kila alfajiri. Sisi tunaomba tu wachague." Akakaa. Yule kijana alianza kupekua karatasi zake, na alikuwa bado anapekua tulipotoka.

Nje Hajji alitufukuza wote kumi na mmoja, na Nirmal Babu juu. Tulikwenda kibandani tukiwa hatuna kazi, na sijawahi kunywa chai tamu kama ile. Hajji akawaita watu wa Bhola. Wakaja, wakasimama mlangoni, mkubwa wao akamwuliza, "Hajji Saheb, wetu akiumia tukamwitikia, na sisi utatufukuza?" Akajifanya anahesabu magunia. Wakaondoka. Dada, watu ambao kwa miaka wanaingoja nafasi yetu. Akajaribu kikosi cha ghala la jirani, nao wakauliza hilohilo. Wiki haikwisha, vitunguu vikaanza kuota majani ndani ya magunia, harufu ikafika barabarani. Hajji akaja mwenyewe kibandani. Hakusema samahani. Alisema, "Mbona mmekaa?" Tukainuka.

Hukumu bado. Nesar anakonda kwa kungoja. Mwandikie maneno ya kumchekesha.

Badsha Mia, alama ya kidole
(na Nirmal Chandra Das, karani, ambaye hana dada, na anakusalimu)

*

Khatunganj, Chittagong
24 Machi 1997

Bubu,

Hakimu amesoma hukumu leo. Mimi ni mchukuzi wa ghala la Hajji Ebadat, ndivyo ilivyoandikwa, na niliumia kwenye kazi yake. Upasuaji ni juu yake, na fidia pia. Neno "mchukuzi wa ghala" nilimwomba wakili anisomee mara ya pili. Miaka kumi na minane nabeba pale, na sikuwahi kuwa wa mahali popote.

Hajji alinipita kwenye korido. Nikamsalimu, akaitikia. Nimefanya kama ulivyosema, sikumtukana. Wakili Monowara naye amekataa zawadi. Nikamwuliza basi nimfanyie nini. Akasema Ijumaa ijayo akija kibandani, tunyamaze tumsikilize.

Nalazwa keshokutwa. Naogopa kisu kuliko nilivyoogopa mahakama. Niombee.

Nesar

*

Khatunganj, Chittagong
20 Juni 1997

Bubu, dada yangu,

Tangu ulipomaliza kuniuguza hospitali ukarudi kwako nimepata nafuu nyingi. Wauguzi bado wanakuulizia. Yule mnene anasema tangu uondoke hakuna wa kumfokea akichelewesha dawa, na kazi imepoa.

Daktari ameniruhusu niache fimbo ndani ya nyumba. Magunia sitabeba tena, amesema hivyo mbele ya Badsha Mia ili nisije nikajifanya. Hajji amenipa kazi ya kukagua mbao za chini na kusema magunia yapande mpaka wapi. Jana alitaka yaongezwe, nikasema yametosha, akanitazama, akaenda zake. Nirmal Babu alikohoa ili asicheke.

Lakini nakuandikia kwa jambo jingine. Daktari alikuwa amenionya nisilazimishe goti, nilikunje kidogo kidogo, na mimi nimekuwa nikilikunja kila siku kitandani huku nimeuma taulo. Leo Ijumaa nilikwenda msikitini, nikakaa kwenye kiti nyuma kama kawaida, nikaswali nimekaa. Imamu alipotoa salamu na watu kuanza kutoka, nikakisogeza kiti pembeni. Nilitaka kujaribu sijda moja tu, ya shukrani. Nikashika ukuta, nikateremka. Liliuma, sitakudanganya, lililia kama mlango wa zamani. Likakunjika. Paji la uso likafika sakafuni, Bubu, na sakafu ilikuwa ya baridi.

Nilikaa pale. Sijui muda gani. Nilimtaja Sufia, nikawataja wale kumi na mmoja na karani pamoja nao, nikamtaja mama mwenye mwavuli, nikamtaja na Hajji. Wewe nilikuwa bado sijakufikia pale mzee mmoja aliyekuwa anafagia aliponigusa bega, amedhani nimezimia. "Ndugu," akasema, "ndugu, vipi, hujambo?"

Nikainua uso, nikamwambia, "Sijambo kabisa, baba. Nipe dakika moja, amebaki dada yangu."

Nikarudi chini.

Nesar